Kumsoma Muirani kwa Kiajemi

Asubuhi moja, kwenye taasisi ya utafiti niliyokuwa nikifanya kazi katika mji mmoja wa Ghuba, nililetewa ripoti niipitie kabla haijapanda kwa wakubwa. Ilihusu Iran. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na habari nzito: gazeti la wanamageuzi la Tehran limetaka dola ijiuzulu. Juu ya sentensi hiyo moja mwandishi, kijana mwenye shahada ya uzamili ya siasa, alikuwa amejenga kurasa kadhaa za uchambuzi: mfumo unatikisika, wenyewe kwa wenyewe wameshafika pabaya, miezi ijayo iangaliwe kwa jicho kali.

Nikaomba nilione gazeti lenyewe. Neno lilikuwepo, kwa herufi anazozijua kila aliyepita chuoni: dal, waw, lam, te. Mwarabu akiliona analisoma daula, nalo ndilo sisi tulilolifanya dola. Lakini katika Kiajemi cha siasa, dowlat ni rais na mawaziri wake basi. Mfumo mzima, yaani Kiongozi Mkuu, Baraza la Walinzi wa Katiba, mahakama, majeshi na kila kilichomo, huitwa nezam. Gazeti lilikuwa linataka mawaziri waondoke. Hilo ni jambo la kawaida katika magazeti ya Iran, na hata Majlis, bunge lao lenye viti 290, limewahi kuwang'oa mawaziri kwa kura, akiwemo Abdollah Nouri, waziri wa mambo ya ndani, mwaka 1998.

Yule kijana hakuwa mvivu. Alikesha na ile ripoti. Tatizo lake ni kwamba alikuwa hajui Kiajemi, na kwa kuwa maneno aliyaona ya Kiarabu, akaamini ameelewa. Nilipomweleza aliinamisha kichwa, kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijalisahau: "Ustadhi, miaka sita ya chuo kikuu nimesoma siasa za Iran, mbona hakuna aliyeniambia?"

Nimelikumbuka swali hilo kwa sababu wanafunzi wangu hapa skuli, Unguja, kila vita vinapopamba moto huko Mashariki ya Kati hunijia na simu zao mkononi. "Mwalimu, hawa Wairani ni watu gani hasa?" Wanaojua Kiarabu wameshasikiliza wachambuzi wa Kiarabu. Wengine wamesikiliza Idhaa ya Kiswahili ya Radio Tehran, ambako Iran inajieleza yenyewe kwa namna inayoipenda. Mimi nimekaa na Waarabu wanaoisoma Iran kama kazi yao, nimekula nao chumvi, nimewafasiria, na nina jambo la kusema juu ya elimu hiyo. Elimu ya Iran kwa msomaji wa Kiarabu imeachwa mikononi mwa hofu, ilhali watu wenye uwezo wa kuifanya vizuri wapo, wengine wamekaa bure.

Mimi ni mtu wa Makunduchi. Nilikwenda Cairo mwanzoni mwa miaka ya 1990 kusoma Kiarabu, na mwanafunzi wa Kiarabu kule hutakiwa achukue lugha moja ya Mashariki: Kiajemi, Kituruki au Kiebrania. Siku ya kuchagua, mwalimu wa Kiajemi, mama mtu mzima tuliyemwita Duktura, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomtajia Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, na kwamba wazee wanauita Nairuzi, aliweka kalamu chini. Nairuzi ya Wairani ni Machi, usiku na mchana vinapolingana. Yetu sisi imeteleza mpaka Julai, kwa kuwa mwaka wetu una siku 365 kamili na hauongezi ile siku ya mwaka mrefu. Wakristo wa Kikopti wa Misri nao wana sikukuu ya mwaka mpya yenye jina hilohilo, Septemba. Duktura akasema, "Wewe huna haki ya kuchagua Kituruki." Nikakaa.

Hapa niseme kidogo juu ya jina hili la Kiajemi. Kwa Kiarabu, ajam asili yake ni mtu asiyesema lugha ikaeleweka, na ndani ya neno mna dharau ya zamani. Sisi watu wa pwani tulilipokea tukaliondoa sumu. Uajemi kwetu ni nchi, Kiajemi ni lugha, na bandari, dirisha, pamba, bustani na darubini ni maneno tuliyopewa nayo bila kuombwa kitu. Ndiyo maana naandika Kiajemi hapa kwa moyo mweupe.

Darasani hatukuanza na siasa. Tulianza na herufi nne ambazo Kiarabu hakina: pe, che, zhe na gaf. Kwa Mmisri mwenzangu, pe ilikuwa mtihani, kila mara inageuka be. Mimi wa Kiswahili nilikuwa na pe tangu kuzaliwa, na nilifaidi sana wiki ile. Mtihani wa kweli ulikuja baadaye, kwenye maneno yaliyotoka Kiarabu yakaenda Iran yakabadilika tabia. Taarof, kwa mfano. Kwa Kiarabu ni kujuana. Kwa Muirani ni adabu ile ya kukataa na kusisitiza: dereva wa teksi unamuuliza nauli, anakujibu qabel nadare, si kitu, na ole wako ushuke bila kulipa. Sisi tunaielewa bila kufundishwa. Mtu akikupitia mlangoni unamwambia karibu tule, naye anajua saa ya kukaa na saa ya kusema ahsante nimeshiba. Lakini nimeona ripoti za Kiarabu zilizomchambua mwanadiplomasia wa Iran neno kwa neno, zikachukua adabu zake zote kuwa ahadi, kisha zikamwita mwongo.

Zito zaidi ni enqelab. Kwa Kiarabu cha leo inqilab ni wanajeshi kupindua serikali usiku. Vuguvugu la umma linaitwa thaura. Wairani wamelishika lile la kwanza kwa maana ya pili: enqelab ndiyo 1979, na tukio la Agosti 1953 lililomwondoa waziri mkuu Mossadegh wanaliita kudeta, neno la Kifaransa. Sisi Waswahili yote mawili tumeyatia katika mapinduzi, na Mzanzibari hahitaji kuambiwa uzito wa neno hilo. Sasa mfikirie mwanafunzi wa Baghdad au Damascus, aliyelelewa katika nchi ya vifaru kuingia ikulu, anasikia kiongozi wa Iran akilisifu enqelab. Picha inayomjia kichwani siyo ile inayomjia mtu wa Tehran anayeshuka basi kwenye uwanja wa Enqelab, pale maduka ya vitabu yalipojipanga kuelekeana na chuo kikuu.

Isidhaniwe kwamba Waarabu hawakuwahi kuwa na wanazuoni wa jambo hili. Walikuwa nao, tena wakubwa. Abd al-Wahhab Azzam wa Misri mwaka 1932 aliihakiki na kuichapisha tafsiri ya Kiarabu ya Shahnameh, utenzi mkuu wa Kiajemi, iliyokuwa imefanywa na al-Bundari huko Damascus karne ya 13. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha King Saud, Riyadh, kilipoanzishwa 1957. Narudia kwa makusudi: chuo kikuu cha kwanza cha Saudia kiliongozwa na mtaalamu wa Kiajemi. Na Ibrahim al-Desouki Shita, aliyefariki 1998, aliifasiri Mathnawi ya Rumi yote, vitabu sita, akaandika juu ya Mapinduzi ya Iran wakati ambapo Cairo na Tehran zilikuwa zimeshavunja uhusiano, na akatunga kamusi kubwa ya Kiajemi kwa Kiarabu, juzuu tatu.

Kamusi hiyo ninayo. Niliinunua duka la Madbouli, uwanja wa Talaat Harb, kwa pesa ambazo zilikuwa ni chakula changu cha mwezi na nusu. Juzuu ya pili imetoka jalada, nimeifunga kwa kitambaa cha kanga. Ukiifungua unaona kazi ya mtu mmoja aliyekaa mezani miaka, akaipa kila maana mstari wake. Hakuna kituo cha utafiti kilichomfadhili kwa ajili ya kupambana na mtu. Alitaka Mwarabu aisome Iran, hivyo tu.

Wapo na wengine. Nevine Mossad wa Chuo Kikuu cha Cairo aliandika kitabu juu ya namna maamuzi yanavyofanywa Iran, kikatolewa Beirut 2001. Mwiraki Abduljabbar al-Rifai, kupitia jarida lake aliloanzisha 1997, aliwafikishia wasomaji wa Kiarabu mawazo ya kina Soroush, Mojtahed Shabestari na Malekian, watu wanaobishana juu ya dini na dola kwa kina ambacho wengi katika Waarabu hawakujua kama kipo Iran. Taasisi ya al-Ahram ilianza mwaka 2000 kutoa jarida la kila mwezi la tafsiri kutoka magazeti ya Iran. Na Septemba 1995, pale Doha, wasomi wa Kiarabu na wa Kiirani walikaa meza moja kujadili mahusiano yao, na makala zao zikachapwa kitabu. Nilipokisoma nilihisi nafuu: watu wanagombana kwa heshima, kila mmoja anamjibu mwenzake aliyepo mbele yake.

Kwa hiyo tatizo liko wapi? Liko katika umbali wa majengo mawili ya chuo kimoja.

Katika jengo la kwanza kuna idara ya lugha za Mashariki. Humo wanafunzi wanasoma washairi Saadi na Hafiz, wanajua sarufi, wanaweza kukufasiria barua ya mfalme wa Safawi, na wakimaliza hawana kazi. Katika jengo la pili kuna idara ya siasa. Humo wanafunzi wanaandika tasnifu juu ya nyuklia ya Iran, makombora ya Iran, jeshi la Walinzi wa Mapinduzi na vikundi vinavyosaidiwa na Iran, na vitabu vyao vyote ni vya Kiingereza, kutoka Washington na London. Msomi Mwarabu, jirani wa mtu kwa karne kumi na nne, anamsoma jirani yake kwa darubini iliyotengenezwa Marekani, kwa maswali ya Marekani. Majengo yale mawili nimeyaona kwa macho yangu, kati yake pana uwanja wa mpira na mgahawa wa chai. Sikuwahi kumwona profesa wa huku akivuka kwenda kule.

Tazama gharama yake. Muulize Mwarabu yeyote anayefuatilia habari, atakutajia majina ya makombora ya Iran na masafa yake. Muulize behvarz ni nani. Kimya.

Behvarz ni kijana wa kijijini, wa kike au wa kiume, anayechaguliwa kutoka kijiji chenyewe, anafunzwa kama miaka miwili, halafu anarudi kuhudumia nyumba ya afya ya kijiji kile. Anazijua familia zote kwa majina, ana daftari la kila nyumba, anajua nani mjamzito na mtoto wa nani hajachanjwa. Sasa sikiliza walichofanya. Katikati ya miaka ya 1980, vita na Iraq vikiwa vimewaka, mwanamke wa Iran alikuwa anazaa kwa wastani watoto zaidi ya 6. Vita vikaisha 1988. Serikali, yenye mashekhe waliokuwa jana wakihimiza uzazi, ikatazama idadi ya watu na hali ya hazina, na 1989 ikageuza mwelekeo. Uzazi wa mpango ukawa bure, ukapelekwa mpaka vijijini kwa mikono ya kina behvarz. Wachumba wakatakiwa wahudhurie darasa kabla ya kufunga ndoa. Mwaka 1993 ikapita sheria ya kukata baadhi ya marupurupu kuanzia mtoto wa nne. Kufikia mwaka 2000 wastani ulikuwa umeshuka hadi kama watoto 2. Ni nchi chache duniani zilizoshuka kwa kasi hiyo. Na katika miaka hiyohiyo wasichana waliingia vyuo vikuu mpaka wakawa wengi kuliko wavulana miongoni mwa wanaoanza masomo. Baadaye wakubwa wakaingiwa na wasiwasi wa uzee wa taifa, wakarudi nyuma, na 2021 ikatoka sheria ya kuhimiza watu wazae.

Hii ndiyo Iran iliyolea binti waliotoka barabarani Septemba 2022, alipokufa Mahsa Amini, Mkurdi wa Saqqez mwenye miaka 22, baada ya kukamatwa na polisi wa maadili. Binti wa nyumba ya watoto wawili, mama yake anasoma na kuandika, yeye mwenyewe yuko chuo, na bado anaambiwa na askari namna ya kufunga mtandio. Aliyesoma habari za behvarz alikuwa na pa kuanzia kuelewa. Wachambuzi niliowasikiliza usiku hadi usiku kwenye televisheni za Kiarabu walikuwa na swali moja tu: mfumo utaanguka lini? Swali hilo si la elimu. Ni la mtu anayesubiri jirani yake aungue. Upande mwingine walikuwepo waliosema hakuna kitu, ni njama za nje, na hao nao hawakuwa wamefungua kitabu.

Nasema hofu kwa sababu nimeona pesa inavyoifuata. Mwaka 2016, mwaka uleule Riyadh ilipovunja uhusiano na Tehran, ilianzishwa Riyadh taasisi ya kuisoma Iran, ambayo leo inaitwa Rasanah. Wamo humo wanaojua Kiajemi vizuri, na mengi wanayotoa nayasoma kwa faida. Lakini taasisi ikizaliwa siku ya ugomvi, msomaji hujiuliza itaendeleaje siku ya suluhu. Machi 2023 suluhu ilitiwa saini Beijing, na kwa wiki chache niliona magazeti ya Ghuba yakiandika juu ya biashara, hija na mpira kana kwamba Iran imegunduliwa jana. Upepo ukageuka tena, kurasa zikageuka nao. Elimu ya jamii ya watu karibu milioni 90 haiwezi kwenda namna hiyo. Kumjua mtu kunataka miaka, na miaka inataka mshahara usiotegemea habari ya saa mbili usiku.

Lipo na jambo la aibu ya majumbani. Kuwait na Bahrain zina familia nyingi za asili ya Kiajemi, na Iran ina Waarabu wake, wale wa Khuzestan na wa pwani ya kusini, wanaoota ndoto kwa lugha mbili. Hawa ndio wangekuwa wahadhiri wa kwanza. Badala yake mtoto wa Kuwait anakanywa asizungumze lugha ya bibi yake mbele ya watu, asije akaulizwa moyo wake uko upande gani. Na Mwarabu wa Ahvaz, huko Khuzestan, anatiliwa shaka pande zote mbili za maji. Nilifanya kazi na mwanamke mmoja wa Ghuba ambaye Kiajemi chake kilikuwa cha nyumbani, kitamu, chenye utani wa bandarini. Kwenye fomu ya kazi aliandika anajua Kiarabu na Kiingereza tu. Niligundua siku aliponirekebisha matamshi kwenye ngazi, kwa sauti ya chini, akaangalia nyuma kama kuna mtu.

Iran upande wake, kwa ibara ya 16 ya katiba yake, inawajibisha Kiarabu kifundishwe skuli za kati na sekondari. Kinafundishwa zaidi kama lugha ya Qur'ani kuliko lugha ya jirani, na dharau kwa Waarabu haikosekani huko Tehran. Lakini angalau mtoto wa Isfahan anajua herufi za mwenzake.

Ninachokitaka kinaweza kuanza muhula ujao. Asiruhusiwe mtu kutetea tasnifu juu ya siasa au jamii ya Iran katika chuo cha Kiarabu bila kusoma gazeti la Kiajemi mbele ya jopo na kulifasiri papo hapo. Wale wa jengo la lugha wapewe madarasa ya siasa na takwimu, wa jengo la siasa wapelekwe kwa Duktura. Wafasiriwe wanasosholojia wa Iran wanaoandika juu ya ndoa, ukame, nyumba za kupanga na wastaafu, kama walivyofasiriwa washairi wao. Na pesa itengwe kwa miaka kumi, ifungwe, asiiguse balozi wala waziri.

Mwenzangu mmoja wa darasa lile la Cairo, ambaye kwa Kiajemi alituacha mbali sote, leo anafanya zamu ya usiku mapokezi ya hoteli huko Giza. Alfajiri, wageni wakiwa wamelala, anafungua magazeti ya Tehran kwenye kompyuta ya kaunta na kuandika daftari la maneno yanayomdanganya Mwarabu: neno, maana ya Kiarabu, maana ya Kiajemi, mfano kutoka gazetini na tarehe yake. Amefika daftari la nne. Mchapishaji aliyempelekea alimwambia alete kitabu juu ya Walinzi wa Mapinduzi, hicho atakichapa. Akarudi na madaftari yake, akaendelea.

Juzi alinitumia sauti kwenye simu. Ameingia herufi ya mim, yuko kwenye milla. Kwa Kiarabu ni dini na watu wake. Kwa Kiajemi, mellat, ni taifa. "Ya Zanzibari," akaniuliza, "na nyinyi kwenu mnalo?" Nikamwambia tunalo, tunasema mila, na kwetu ni desturi walizotuachia wazee, kama kuchoma kibanda na kuoga bahari siku ya Mwaka. Akanyamaza kidogo, nikasikia karatasi. Akaniomba nilitamke tena, polepole, alitie safu ya tatu.